Acheni kuhamasisha, wekeni vyoo saiti

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ile habari yenu kuhusu wahandisi wanawake imenishinda kuinyamazia. Mliweka picha ya mabinti waliovaa helmeti mpya zisizo na hata tone la saruji, na chini yake wito uleule wa kila mwaka: wasichana waache kuogopa hisabati, wajitokeze kwa wingi kusomea uhandisi na ubunifu majengo.

Nani kawaambia tunaogopa hisabati? Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa pale Mlimani mwaka 1973, na baadaye ukaanzishwa mpango wa kuwanoa wasichana kabla hawajaanza mwaka wa kwanza. Wasichana wamekuja. Wamefaulu. Swali ambalo waandishi wenu hawaulizi ni wanakwenda wapi wakishavua joho.

Nieleze kwa wasioijua kazi hii. Shahada haikufanyi mhandisi mtaalamu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inakutaka ufanye kazi miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, kisha uwasilishe ripoti ya kile ulichokifanya kwa mikono na akili yako, na uhojiwe juu yake. Tangu mwaka 2003 Bodi ina mpango wa SEAP wa kuwasimamia wahitimu katika miaka hiyo, na Norway iliwahi kutoa fedha ili wanawake wengi zaidi waupitie. Mpango mzuri, nausifu bila kusita. Lakini posho haimlazimishi msimamizi kukukabidhi kazi. Akiamua miaka yote mitatu uandike mihtasari ya vikao na kupiga simu za oda za saruji, utakwenda kuhojiwa huna cha kueleza, na utaambiwa hujaiva.

Nikiwa mhitimu niliwekwa kwenye saiti ya jengo la ghorofa hapa Mwanza. Jioni moja tulikuwa tunamwaga zege la slabu, yaani sakafu ya ghorofa, na kazi yangu ilikuwa kupima slampu, yaani wepesi wa zege kabla halijaganda. Unachukua koni ya chuma yenye urefu wa sentimita 30, unaijaza zege kwa matabaka matatu, kila tabaka unalishindilia kwa fimbo ya chuma mara 25, unaivuta koni juu taratibu, kisha unapima zege limeshuka kiasi gani. Tulitakiwa tusizidi milimita 100. Lile halikushuka, lilitawanyika kama uji, kwa sababu vaibreta, mashine ya kushindilia zege, iliharibika mchana na mafundi walikuwa wanaongeza maji ili zege lijiendee lenyewe. Maji yakizidi, zege linamwagika kirahisi lakini nguvu yake inapungua. Hilo anafundishwa kila mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nikasimamisha mashine ya kuchanganyia zege. Fomeni akaniambia, mbele ya vibarua wote, “Dada, zege hili tunamwaga tangu hujazaliwa.” Akampigia bosi wangu, mhandisi aliyesajiliwa, mtu niliyemheshimu. Bosi hakuniuliza koni imesoma ngapi. Alisema, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje wote wakasikia, “Mwambieni binti arudi ofisini amalizie muhtasari wa kikao, namtuma Injinia.” Injinia huyo tulimaliza chuo pamoja, mwaka mmoja, darasa moja, na mara nyingi alinakili hesabu zangu za mihimili. Alipofika, mashine ilikuwa imeshawashwa. Matokeo ya kyubu za slabu ile, vipande vya zege vinavyopimwa nguvu baada ya siku 28, sikuonyeshwa mpaka leo, na saiti sikurudishwa. Nikauliza kwa nini. Nikajibiwa kwamba saiti kuna lugha chafu, hapafai kwa mabinti, wananilinda. Wananilinda! Lugha chafu nilikuwa naistahimili. Nisichoweza kustahimili ni kunyang’anywa kazi ambayo ndiyo ingenisajilisha, halafu wanaoninyang’anya wapande jukwaani kuwaomba wadogo zangu wajitokeze.

Na choo. Saiti ile ilikuwa na kimoja, mabati matatu na gunia mlangoni, kwa watu wote. Mimi na akina mama waliokuwa wanabeba maji na kokoto tulikuwa tunashinda bila kunywa maji, jua la Mwanza likituchoma, ili tusihitaji kwenda. Rafiki yangu aliugua UTI mara kwa mara mpaka akaacha. Leo ni ofisa mikopo wa benki, na mahesabu ya nondo aliyajua kuliko sisi wote. Mwingine alipata ujauzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, lakini ajira zetu ni za mradi, miezi sita sita. Mkataba ukiisha una tumbo la miezi mitano, hauongezwi, na mwajiri anasema hajavunja sheria.

Wabunifu majengo nao wasidhani wamesalimika. Angalieni kile kisanduku cha kona ya chini ya mchoro: aliyesanifu, aliyechora, aliyekagua, aliyeidhinisha. Wanawake wangapi ninaowafahamu wamebuni jengo kuanzia mstari wa kwanza, wakaandikwa kwenye “aliyechora” tu! Mwaka 1991 tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika fani hiyo, alipewa Robert Venturi peke yake, ilhali Denise Scott Brown, mkewe, aliyezaliwa Zambia, alikuwa mshirika wake kazini kwa miaka mingi. Maelfu ya watu walipotia saini mwaka 2013 kuomba naye atambuliwe, walikataliwa. Sasa kama yeye alinyimwa, binti wa mwaka wa kwanza kazini Dodoma atamlalamikia nani?

Tena mkizungumzia kujumuisha, msiishie kwa wanawake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi kuhakikisha asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Ninamfahamu mbunifu majengo anayetumia kiti cha magurudumu. Aliitwa kwenye usaili ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, na ofisi iliyomwita inachora majengo ya umma. Njia za mteremko za viti vya magurudumu ninazoziona zikijengwa mjini zimewekwa ili mkaguzi aone zipo. Mteremko unaokubalika ni futi moja ya kupanda kwa kila futi 12 za urefu. Hizi zimesimama kiasi kwamba hata mtoto mzima wa miguu anateleza, na juu kabisa unakutana na mlango unaofungukia nje. Angekuwepo mezani mtu mmoja anayetumia kiti hicho, mchoro ule usingetoka ofisini.

Nina pendekezo, na naomba lichapwe kama lilivyo. Kila mradi wa Serikali una BOQ, orodha ya kazi zote na bei zake, na mwanzoni mwake mkandarasi analipwa uzio, ofisi ya saiti, maji na ulinzi. Hapo hapo iongezwe mistari miwili yenye bei. Wa kwanza: choo cha wanawake chenye mlango wa mbao, maji, ndoo yenye mfuniko na komeo la ndani. Wa pili: mhandisi mhitimu mwanamke mwenye kazi iliyotajwa kwa maandishi, iwe kupima zege, kukagua nondo au kupima usawa wa msingi, na daftari lake lisainiwe na msimamizi kila Ijumaa. Mhandisi mshauri asisaini hati ya malipo ya kwanza mpaka aingie chooni mle na alifungue daftari lile. Mkandarasi asiyesikia hotuba atasikia hati iliyokwama. Kufuli la choo liwe na funguo mbili, na zote zikae kwa wanawake wanaofanya kazi pale, si kwenye droo ya fomeni.

Mhandisi mwanamke,
Mwanza