Barua niliyoiweka chini ya sketi zako

Mwanangu,

Naandika kwa sababu tukizungumza tunagombana. Jana nimefungua tu mdomo kuhusu kutembea, ukasema "Mama, nimesikia," mlango ukafungwa. Haya, umesikia. Sasa soma.

Ya kliniki siyarudii, ulikuwepo. Ila naona wewe ulitoka na neno "bado", kwamba bado si kisukari, na usiku ule ukalala fofofo. Mimi nilitoka na lile jingine, "anaelekea". Kipimo cha sukari ya miezi mitatu kilisoma 5.9. Kinachotakiwa ni chini ya 5.7, na kikifika 6.5 ndiyo kisukari chenyewe. Utasema hizo ni pointi tu. Mimi nimeshona miaka yote hii, nazijua pointi.

Basi nakuuliza lile lile: huko bwenini utakuwa unatembea? Usinijibu "nitajaribu".

Jumatano sikwenda kununua uzi kama nilivyowaambia. Nilirudi kwa yule daktari peke yangu, maana mbele yako niliona haya kuuliza. Akaniambia mwili wa kijana anayebalehe huwa mgumu kuisikia insulini, ile homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, wote, wanene kwa wembamba, na kwa kawaida ukuaji ukikamilika ugumu ule hulegea. Wapo ambao haulegei. Nikamuuliza, wa kwangu je? Akasema kinachoweza kusaidia sana ni misuli. Msuli ukifanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kuingoja insulini, na ukishatulia hubaki mwepesi kuipokea kwa siku moja au mbili hivi. Baada ya hapo wepesi ule hupotea. Ndiyo maana nasema kila siku, mama, kila siku. Usikae wiki nzima halafu Jumamosi ukimbie mpaka utapike, ukaniambia umefanya mazoezi.

Dakika 60 kwa siku, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyosema kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Si lazima ziwe za mfululizo. Mwendo wenyewe uwe wa kukutoa pumzi, kiasi kwamba kuongea unaweza ila kuimba huwezi. Na angalau siku tatu kwa wiki kuwe na kitu kigumu zaidi, cha kukimbia, kuruka au kubeba, kwa ajili ya moyo, misuli na mifupa. Kamba ya kurukia nimeifungasha. Iko ndani ya taulo, na ukiiona usinune.

Utasema, "Lakini mama ndiye aliyenitoa kwenye timu." Nilijua litakuja. Nilisema sketi ile ni fupi, na kwamba wewe sasa ni mkubwa. Nilikuwa na sababu zangu na sizikani zote. Lakini daktari alinionyesha hesabu moja ya mwaka 2016, ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 duniani: katika kila 100, 81 hawakuwa wanafikisha zile dakika. Wavulana 78, wasichana 85. Nikiwa njiani narudi nikawa nawaza hao 85 wana mama wangapi waliosema sketi ni fupi. Nimekushonea bukta ya kuvaa ndani, rangi moja na sketi. Kama huko kuna timu, ingia. Usiniombe ruhusa.

Na ile shingo. Nilipokupima kola niliuona ule weusi nikaleta dodoki, na maneno niliyoyasema siku ile unayajua. Haukuwa uchafu. Daktari anasema ngozi ikiwa nyeusi na nene kama mahameli, shingoni au kwapani, mara nyingi ni alama kwamba insulini imejaa mwilini na haisikiwi. Kwa hiyo usisugue tena, na usikubali krimu ya mtu yeyote huko. Wasichana wenzako watakushauri mengi. Waambie mama yako anajua ni nini.

Usije ukaacha kula. Hilo nalo nakukanya, maana juzi nilikuta sahani imefunikwa haijaguswa, na mwenye sahani yuko mbele ya kioo. Sijasema upungue. Misuli ikifanya kazi, insulini husikika vizuri zaidi hata kama mizani haijasogea. Mizani achana nayo. Soda ndiyo uache, na simu ukiweza izimwe mapema: kijana wa umri wako anatakiwa kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku, na usingizi ukipungua insulini nayo inazidi kutosikika. Wewe unalala saa ngapi? Najua, kwa sababu nikiamka kwenda chooni mwanga uko chini ya mlango wako.

Sikulaumu kwa kusoma. Matokeo yako nimeyakunja nimeyaweka kwenye droo ya cherehani, na wateja wote wameyaona, hata wasiotaka. Lakini saa tano kitini bila kuinuka si bidii. Inuka kila ukimaliza somo, panda ngazi, shuka, rudi.

Yule daktari ni mtu wa hadithi. Akanisimulia London, mwaka 1953: mtafiti aitwaye Jerry Morris aliwalinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makondakta wao. Basi moja, zamu moja, mmoja anakaa, mwenzake anapanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi. Makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Nikacheka, halafu kicheko kikaniishia. Nilikumbuka tulivyofunga mota kwenye cherehani, nikawa najisifu kwamba siku hizi miguu inapumzika.

Vile vidonge kwenye kopo la vifungo si vya mgongo. Baba yako anajua, wewe hukutakiwa kujua kabla ya mitihani, halafu mitihani ikapita na mimi nikanyamaza. Daktari aliponiuliza kama kuna mtu nyumbani mwenye sukari, nawe umekaa pale, nilijibu "labda ukoo wa mbali". Jumatano nikamrekebishia. Sasa unajua kwa nini nakusumbua. Kisukari cha aina ya pili kikimkuta mtoto huwa na haraka kuliko kikimkuta mtu mzima kama mimi. Mimi nina vidonge na miwani. Wewe sitaki uwe na vyote viwili.

Ukiona kiu isiyokatika, ukawa unaamka usiku mara nyingi kukojoa, au nguo zikaanza kukupwaya bila sababu, usinisubiri mimi. Mwambie matroni siku hiyo hiyo. Barua yake nimeiweka kwenye bahasha ya kaki, mkabidhi mwenyewe mkononi, usimtume mtu. Kipimo kinarudiwa ukija likizo. Mimi nimeshaandika tarehe ukutani, na mdogo wako ameshachora ng'ombe juu yake.

Huyo naye tangu umeanza kufungasha anajifanya hajali, lakini amekificha kiatu chako kimoja cha michezo. Nimekikuta kwenye kapu la vitambaa. Viatu vyote viwili viko juu kabisa kwenye sanduku, usivifungue kwake. Kitanda chako atakihamia, nimeshindwa kumzuia. Paa upande wa jikoni baba yako amesema ataziba Jumamosi, na wewe unamjua baba yako na Jumamosi zake.

Fundi nimemwita aje aing'oe mota. Baba yako anasema kazi zitachelewa. Zichelewe. Kanyagio limekaa kavu muda mrefu, linalia kama bata, ila mafuta kidogo yatalinyamazisha. Nitakuwa nakanyaga mimi huku. Je, wewe huko utakuwa unatembea?

Sketi ya pili nimeiachia upindo mpana kiunoni, ikibana utafumua mwenyewe, usione haya, na ikipwaya tutaonana likizo. Kitufe chake nimekishika kwa uzi mmoja tu kwa sababu umeme ulikatika. Kishone vizuri kabla hujaivaa. Sindano nimeichomeka kwenye kipande cha sabuni, angalia usije ukanawa nayo.

Mama yako