Barua kwa wifi yangu: unesi wasikuchagulie

Wifi yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa watoto. Nimesikia ndugu wameshakaa wakakupangia unesi. Kila anayefika hapa California huambiwa hivyohivyo: shika unesi, au anza na kulea wazee, hela ipo. Ni kweli ipo, na anayeipenda kazi ile Mungu ambariki. Ila wewe umefundisha chekechea Korogwe, na sijawahi kukuona umechangamka kama unapozungukwa na watoto. Kasomee makuzi ya mtoto na familia kwenye chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, kama nilivyofanya mimi.

Cheti kisikutie hofu. Vyuo vya jamii vya hapa humpokea aliyetimiza miaka 18 hata kama hakumaliza sekondari. Ada kwa mkazi wa jimbo ni dola 46 kwa yuniti, yaani kipimo cha ukubwa wa somo, na masomo mengi ya fani hii yana yuniti 3. Masomo manne, yaani yuniti 12, ni dola 552, na mwenye kipato kidogo huomba asamehewe ada. Ukiwa na yuniti hizo pamoja na uzoefu wa kazi, mlango wa kuwa mwalimu katika kituo cha watoto chenye leseni umefunguka.

Somo utakalolipenda ni lile la kuwatazama watoto. Unakaa pembeni na daftari, unaandika ulichokiona tu. Neno "mtukutu" haliruhusiwi. Unaandika: amechukua kigari mkononi mwa mwenzake, amemtazama mwalimu, amekirudisha, amekichukua tena huku bado anamtazama. Ukimfuata mtoto mmoja hivyo kwa nusu saa, unaanza kuona kwamba anataka kujua kama mtu mzima yupo naye.

Na usidhani utasoma mambo ya Wazungu watupu. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye jina lake utakutana nalo kila penye habari za mtoto kushikamana na mlezi wake, alianzia Uganda mwaka 1954, akiwatembelea akina mama wa Kiganda na vichanga vyao majumbani. Kuna pia utafiti wa Charles Super kwa Wakipsigis wa Kenya: mama alichimba kishimo cha kina kifupi, akamkalisha mtoto humo ajifunze kukaa, na watoto wao walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Nilivyosoma hilo nilikukumbuka wewe na beseni lako lililojazwa kanga. Hayo uliyoyafanya kwa mikono yako yanafundishwa darasani, wifi.

Pagumu ni pawili. Mwalimu wa watoto hapa analazimishwa na sheria kutoa taarifa akishuku mtoto anaumizwa, na mjadala wa fimbo darasani utakuchoma, kwa sababu tulichapwa na waliotupenda. Usikae kimya siku hiyo. Sema ulivyolelewa, kisha usikilize. La pili ni mshahara: utakuwa chini ya wa nesi, na mimi naona ni dhuluma kwa kazi nzito namna hii. Ndiyo maana nakusihi usiishie yuniti 12. Endelea mpaka digrii ya miaka miwili, kisha uhamie chuo kikuu.

Jumamosi nakuja tujaze fomu za kujiunga na za kuomba msaada wa ada. Andaa kitambulisho na karatasi za kodi. Kaka niachie mimi, nitaongea naye.

Wifi yako akupendaye