Barua ya Kufunga Muhula: Siku ya Kawaida ya Mtoto Wako Shuleni

Kwa wazazi na walezi wote,

YAH: KUFUNGA MUHULA NA MATARAJIO YA SHULE

Baada ya salamu, naandika kuwaarifu kwamba muhula umefungwa leo na kwamba kila mwanafunzi amekabidhiwa bahasha yenye ripoti ya maendeleo pamoja na barua hii. Tarehe ya kufungua shule imeandikwa juu ya ripoti. Matokeo ya mitihani yamo humo humo, nami sina haja ya kuyarudia. Ninachotaka kuwaeleza ni yale ambayo ripoti haina nafasi ya kuyasema, yaani jinsi siku ya kawaida inavyokwenda hapa shuleni, tunachotarajia kwa mtoto awapo nasi, na habari ambazo sisi walimu tunazihitaji kutoka kwenu. Matatizo mengi yanayofika ofisini kwangu huanza na jambo dogo ambalo upande mmoja ulilijua na upande wa pili haukuambiwa.

Nianze na ripoti yenyewe. Najua jicho la mzazi hukimbilia wastani wa alama na nafasi ya mtoto darasani, lakini safari hii naomba lianzie kwenye mstari wa mahudhurio. Katika mifumo mingi ya elimu, mwanafunzi aliyekosa asilimia 10 ya siku za masomo huhesabiwa kuwa yumo katika hatari ya kuachwa nyuma, iwe alikosa kwa ruhusa au bila ruhusa. Asilimia 10 husikika kuwa nyingi, kumbe ni siku moja tu katika kila wiki mbili, na mtoto anayekosa Ijumaa moja kila baada ya wiki mbili haonekani nyumbani kuwa mtoro. Hasara yake hujitokeza zaidi katika hisabati, ambako somo la leo limefungamana na la jana: aliyekosa siku ya kufundishwa sehemu zilizo sawa hawezi kufuata wenzake wiki inayofuata wanapojumlisha sehemu zenye asili tofauti, naye atasema kwamba hisabati imemshinda wakati kilichomshinda ni kukosa kipindi kimoja.

Kuchelewa nako ni kukosa, ila ni kukosa kwa vipande vidogo. Mtoto anayechelewa dakika 10 kila siku hupoteza dakika 50 kwa wiki, na katika muhula wa wiki 12 huwa amepoteza dakika 600, ambazo ni sawa na muda wa saa 10 za masomo. Isitoshe, dakika 10 za mwanzo ndizo ambazo mwalimu hukusanya kazi za nyumbani, hurudia somo la jana na kueleza kitakachofanyika siku hiyo, kwa hiyo anayeingia baadaye huikuta kazi imeanza pasipo kujua imetoka wapi. Wanafunzi wakubwa tunawaambia wenyewe. Mtoto wa darasa la kwanza, hata hivyo, hajicheleweshi, na ndiyo maana jambo lake tunalizungumza na ninyi.

Wazazi wengi hunieleza kwamba wakimwuliza mtoto amesoma nini leo, hujibu kwamba hawajasoma kitu, au kwamba amesahau. Mara nyingi hadanganyi. Siku nzima ya shule, tangu kengele ya kwanza, mstarini, kuitwa majina, vipindi, mapumziko, vipindi tena, michezo na usafi, ni mzigo mkubwa kuufupisha kwa jibu moja, hasa akiwa amechoka. Maswali madogo hupata majibu makubwa. Mwulizeni ni swali gani lililomshinda leo, ni nani hakuja darasani, mwalimu alichora nini ubaoni, alicheza na nani wakati wa mapumziko. Mtoto ambaye kwa siku kadhaa mfululizo anajibu kwamba hakucheza na mtu yeyote amekwisha kuwaambia jambo ambalo hatuwezi kuliandika kwenye ripoti, na ambalo mwalimu wa darasa angependa kulisikia siku hiyo hiyo.

Pamoja na mazungumzo hayo, lipo daftari. Laiti ningeweza kuwashawishi wazazi kufanya jambo moja tu muhula ujao, ningechagua hili: mara moja kwa wiki, fungueni daftari moja la mtoto na mlipitie ukurasa baada ya ukurasa huku yeye akiwa ameketi kando. Tazameni tarehe, kwa kuwa pengo katika tarehe huonyesha kipindi ambacho hakuwapo au hakuandika. Tazameni alama za mwalimu, kisha tazameni kama chini ya kila kosa yapo masahihisho, maana mwanafunzi asiyesahihisha hulibeba kosa lile lile hadi kwenye mtihani. Tazameni mwandiko: ukianza vizuri juu ya ukurasa na kuharibika chini, huenda mtoto huandika polepole na kukimbizana na kengele, na hilo lina msaada wake. Tazameni pia maneno aliyonakili kutoka ubaoni. Anayenakili kwa makosa kutoka ubaoni na kwa usahihi kutoka kitabuni pengine haoni mbali, na anayestahili kumwona kwanza ni mtaalamu wa macho, kabla ya mtu yeyote kumwita mzembe. Na pale mnapoona mwalimu hajasahihisha kazi kwa muda mrefu, mna haki ya kuuliza kwa heshima, nasi tunawajibika kujibu.

Kuhusu kazi za nyumbani, tunachotarajia ni kwamba mtoto ajaribu mwenyewe mahali penye utulivu wa kutosha, na kwamba mtu mzima ahakikishe ameifanya. Hatutarajii mzazi aifanye. Nasema hivi kwa sababu walimu hupokea kazi zilizokamilika bila doa kutoka kwa watoto ambao darasani hawawezi kuanza swali la kwanza, na kazi ya namna hiyo humnyima mwalimu taarifa aliyoitafuta alipoitoa. Kosa la mtoto mwenyewe lina faida kwa mwalimu kuliko jibu sahihi la kaka yake. Ikiwa amejaribu akashindwa, andikeni pembeni mwa ukurasa kwamba alikwama hapa, mtie sahihi, mwacheni akalale. Iwapo mtoto mdogo anamaliza jioni nzima juu ya kazi ambayo ingemchukua nusu saa, hiyo nayo ni habari tunayoihitaji.

Ugonjwa ni sehemu ambayo mawasiliano yetu yanatakiwa kuwa ya wazi kuliko kwingine kote. Mtoto mwenye homa abaki nyumbani hadi ipite siku nzima, yaani saa 24, bila homa na bila dawa ya kuishusha. Aliyetapika au kuhara akae saa 48 tangu mara ya mwisho. Mwenye tetekuwanga arudi baada ya malengelenge yote kukauka na kufanya vigaga, na mwenye surua asije hadi ziishe siku nne tangu vipele vilipojitokeza, maana surua ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza kwa kasi kubwa mno na hupitia hewani. Kuhusu chawa wa kichwani, ningependa aibu iondoke. Chawa hawaruki, hutambaa kutoka nywele hadi nywele vichwa vinapogusana, hukaa kwenye nywele safi kama wanavyokaa kwenye chafu, na hawaenezi ugonjwa. Tuambieni, mtibuni mtoto, naye aendelee na masomo. Kuficha ndiko huwafanya wazunguke darasa zima na kurudi kwenu tena.

Watoto wenye maradhi ya kudumu kama pumu, kisukari, selimundu au kifafa, na wale ambao miili yao haivumilii chakula au dawa fulani, lazima wafahamike kwa mwalimu wa darasa na kwa ofisi yangu tangu siku ya kwanza. Baadhi ya wazazi hulificha jambo hili wakihofia mtoto kutengwa, nami naielewa hofu hiyo, lakini fikirieni mtoto anapoanguka kwa kifafa darasani. Mwalimu aliyearifiwa atamlaza kwa ubavu, ataondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, hatamtia kitu chochote mdomoni, ataangalia saa, na tukio likizidi dakika tano ataita msaada wa dharura. Asiyearifiwa atafanya lolote litakalomjia. Dawa zote ziletwe na mtu mzima zikiwa katika chombo chenye jina la mtoto na maelekezo ya kipimo, zikabidhiwe ofisini. Zisiwekwe ndani ya begi, ambamo mwenzake wa miaka sita anaweza kuzidhania peremende. Kwa wenye pumu na kisukari tutakubaliana nanyi kuhusu dawa wanayolazimika kuwa nayo karibu.

Yapo pia mabadiliko ya nyumbani. Msiba, kutengana kwa wazazi, kuhama, mzazi kusafiri kwa muda mrefu, hata kuzaliwa kwa mdogo wake, huonekana darasani kabla ya mtoto mwenyewe kuweza kueleza. Hatuhitaji undani wa mambo yenu. Sentensi moja kwa mwalimu wa darasa yatosha, na itabaki kwake. Mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi amefiwa humwuliza kwa upole kwa nini ameinamisha kichwa mezani, badala ya kumkemea mbele ya wenzake.

Penye malalamiko, njia ni fupi. Mzazi amwone kwanza mwalimu wa darasa, kwa miadi na nje ya vipindi. Asiporidhika amwone mwalimu wa taaluma. Kisha aje kwangu. Naomba msimsimamishe mwalimu mlangoni wakati anafundisha, kwa kuwa watoto wote waliomo hupoteza kipindi kwa ajili ya mmoja. Katika ugomvi wa wanafunzi, kumbukeni kwamba mtoto wenu amewaletea upande wake, na kwamba mzazi wa mwenzake naye ameletewa wake. Shule husikiliza pande zote mbili kabla ya kuamua, na kwa sababu hiyo jibu linaweza kuchelewa siku moja au mbili. Makundi ya wazazi kwenye simu yanafaa kukumbushana tarehe na vifaa. Hayafai kumjadili mtoto wa mtu kwa jina.

Mengine kwa ufupi: sare, begi na chupa ya maji viandikwe jina, kwa sababu kila muhula tunabaki na sweta ambazo hakuna anayezikumbuka, simu za wanafunzi zisiletwe darasani, na mtu mgeni akija kumchukua mtoto bila sisi kuarifiwa nanyi, hatutamtoa, hata akijitambulisha kuwa ni shangazi yake. Tunajua jambo hili huudhi. Litaendelea kuwa hivyo.

Sasa likizo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza, kwa hiyo sijawapa walimu ruhusa ya kuwajazia watoto kazi za kufanya kutwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza walio kati ya miaka 5 na 17 wafanye shughuli za kuuchangamsha mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na likizo ndiyo nafasi nzuri. Kilichotolewa ni kidogo na kimekusudiwa kugawanywa. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba tunachojifunza husahaulika kwa kasi katika saa na siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hushikilia zaidi kuliko yaliyorundikwa kwa mkupuo. Nusu saa kwa siku, basi, itamfaa mtoto kuliko siku mbili za kukesha kabla ya kufungua. Wadogo wasome kwa sauti mbele ya mtu yeyote wa nyumbani, hata kama msikilizaji mwenyewe hajui kusoma. Anayesikiliza anaweza kuuliza kisa kimefikia wapi, na hilo latosha.

Wiki ya mwisho ya likizo warudisheni kwenye saa za kulala za siku za shule. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa usiku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mwili uliozoea kukesha haubadiliki kwa usiku mmoja, nasi huwaona waliosahauliwa katika jambo hili wakisinzia kipindi cha pili.

Mwisho, kipande cha chini cha ripoti kikatwe, kijazwe na kurudishwa siku ya kufungua. Kina sehemu tatu: sahihi ya aliyeisoma ripoti, namba za simu za watu wawili tunaoweza kuwapata mchana, na majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Asiye na lolote la kubadilisha naye akijaze, kwa kuwa kumbukumbu za muhula uliopita tunaziondoa. Mwenye jambo la kiafya la kueleza asiliandike hapo. Aje ofisini siku mbili za mwisho kabla ya kufungua, nitakuwapo pamoja na walimu wa madarasa.

Wenu katika malezi ya watoto,

Mwalimu Mkuu