Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: daftari la majina na suala la anoli

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulituagiza tulisafishe daftari letu la majina ya reptilia. Kazi hiyo imekula sehemu kubwa ya mwaka, na waliotushughulisha kuliko wote ni anoli, mijusi wa Amerika ambao wenzetu waishio Florida hutuletea picha zao.

Daftarini waliandikwa "kinyonga wa Marekani", jina la wauza wanyama. Tumelifuta. Ni kweli Anolis carolinensis hubadilika kutoka kijani kuwa kahawia, na yeye na kinyonga wote wamo katika kundi la Iguania. Lakini tazameni meno. Ya kinyonga yameota juu ya ukingo wa taya, sawa na ya agama, wale mijusi wa mawe wenye vichwa vyekundu. Ya anoli yameshikana na upande wa ndani wa taya, sawa na ya iguana. Kinyonga basi ana udugu wa karibu na agama kuliko na anoli. Nyayo za anoli zinazonata nazo zisitupeleke kwa mjusi kafiri, maana kila ukoo ulizipata kivyake.

Kuhusu familia, zamani anoli waliwekwa Iguanidae, familia ya iguana. Mwaka 1989 watafiti Frost na Etheridge waliivunja familia hiyo, wakawapeleka anoli katika familia ya Polychrotidae. Utafiti wa DNA wa 2011 ukawatenga katika familia yao peke yao, Dactyloidae, na ndivyo tulivyoandika.

Mjadala mkali ulikuwa wa jenasi, yaani kundi la spishi zenye udugu wa karibu ndani ya familia. Mwaka 2012 mtafiti Nicholson na wenzake walitaka Anolis, yenye spishi karibu 400, igawanywe kuwa jenasi nane. Mwaka 2017 mtafiti Poe na wenzake waliupitia upya ukoo mzima, wakabaki na jina moja. Kamati imefuata njia hiyo, nami naiunga mkono kwa moyo wote: matawi yanaweza kutajwa ndani ya Anolis bila kumpoteza msomaji wa maandishi ya miaka 200.

Wenzetu wa Florida, kazi yenu ina uzito. Anolis sagrei, mgeni kutoka Kuba na Bahama, amemfanya anoli wa kijani, yule Anolis carolinensis, apande juu zaidi mitini. Utafiti wa 2014 ulikuta nyayo za wa kijani zimekuwa kubwa ndani ya takriban vizazi 20. Tafadhali, kila picha iandikwe tarehe, mahali, na kimo kutoka ardhini.

Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina. Mwaka ujao kamati inaomba idhini yenu ianze na vinyonga wa Usambara.