Makapi ya zabibu yasitupwe

Mhariri,

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na inauma kuona makapi yakitupwa baada ya kukamuliwa mvinyo. Tani moja ya zabibu huacha karibu kilo 200 za maganda na mbegu. Familia yenye shamba, kiwanda kidogo na mgahawa ina mbolea hapo.

Lakini yasimwagwe shambani mabichi: yana asidi, na yakiozea humo hunyang'anya mizabibu nitrojeni, majani yakawa manjano. Changanya debe moja la makapi, moja la samadi ya ng'ombe na moja la mabua makavu yaliyokatwakatwa. Bila mabua makapi hushikamana, hewa haipiti, lundo linanuka siki. Ligeuzwe kila wiki. Lundo liwe na unyevu wa kiasi: ukikamua konzi moja yake, yatoke matone mawili matatu tu ya maji. Maganda ya mboga kutoka jikoni yanafaa. Nyama na mafuta huita panya.

Tunasisitiza lundo liwe mbali na mapipa ya mvinyo. Nzi wadogo wa matunda hubeba bakteria wa siki, na pipa lililo wazi huharibika. Baada ya miezi 3 hadi 4 mboji ifukiwe kwenye mfereji, isigusane na shina.

Wakulima wa zabibu,
Dodoma