Sare za shule zishonwe zirekebishike

Mhariri,

Nimeisoma taarifa yenu ya mitindo endelevu, ile yenye picha ya mapipa ya kukusanyia nguo kuukuu ili zichanwe ziwe nyuzi tena, na safari hii sinyamazi. Kila mnapoandika habari za taka za nguo mnaanzia mwisho: nguo imeshachakaa, itupwe wapi? Sisi mafundi wa cherehani tunaona nguo zilizokwisha kuharibiwa siku ile zilipokatwa kiwandani.

Juzi nimeletewa suruali ya sare iliyonunuliwa Januari. Muhula wa pili haujesha, makalioni imepasuka. Kuigeuza ndani, mshono wa nyuma umeachiwa milimita 6 tu za kitambaa, ukapitishwa ovaloki, yaani mashine ya kuzungusha uzi ukingoni, basi. Kitambaa chenyewe kimefumwa kwa ulegevu, kwa hiyo nyuzi zimechomoka zote na hakuna pa kushika sindano. Ukishona pale pale ukingoni patafumuka tena. Ukiingia ndani sentimita 1 kila upande, umempunguzia sentimita 2 mtoto ambaye bado anakua. Upindo wa miguu nao ni sentimita 2, hauteremshiki. Mzazi hana budi kununua nyingine, na hii iende jaani ikachomwe, na kwa kuwa ni poliesta, itayeyuka na kutoa moshi mweusi ambao watoto wale wale watauvuta. Fundi anayejua kazi angeacha inchi moja na zaidi kwenye mshono wa nyuma na sentimita 8 kwenye upindo. Kitambaa cha kuongeza hakifiki sentimita 10 za urefu! Suruali ingetanuliwa na kuteremshwa mwaka hadi mwaka, kisha ikarithiwa na mdogo wake.

Mashati ni hivyo hivyo. Zamani kola ikilika kwenye kunjo, ilifumuliwa pale inaposhikana na ukanda wa shingo, ikageuzwa upande wa chini uje juu, ikarudishwa na kushonwa. Kazi ya nusu saa, na shati likaonekana jipya. Siku hizi upande wa chini hukatwa kwa kitambaa hafifu zaidi, na kigumu cha ndani hubandikwa kwa gundi isiyostahimili kufuliwa, ikifanya malengelenge. Ukiigeuza kola hiyo, unageuza ubovu.

Sasa hayo mapipa. Mashine ya kuchana nguo ziwe nyuzi tena hutaka zipu na vifungo vitolewe kwanza, na hutaka kitambaa cha aina moja. Pamba iliyochanganywa na poliesta na lastiki ni taabu kuitenganisha. Hata pamba tupu, ikichanwa nyuzi zake hukatika zikawa fupi, ikabidi ichanganywe na pamba mpya ndipo uzi ushikane. Ndiyo maana duniani kote nguo kuukuu zinazorudi kuwa nguo mpya hazifiki asilimia 1. Sisi wa Lamu tutazipakia botini hadi Mokowe, ng'ambo bara, halafu? Taarifa yenu haikusema. Wengine wananitajia jahazi la Flipflopi, lililoundwa hapa kwa plastiki na kandambili zilizookotwa na kufika Zanzibar mwaka 2019. Kazi ile naiheshimu sana. Lakini plastiki husagwa ikayeyushwa. Shati la nusu pamba nusu poliesta ukilitia motoni, poliesta inayeyuka na pamba inaungua.

Na leso je? Leso ya pamba ilivaliwa, ikabeba mtoto, ikachakaa ikawa nepi, kisha kitambaa cha kufutia, kisha kata ya kichwani. Nyingi zinazouzwa sasa ni poliesta, hazinyonyi jasho wala maji, kwa hiyo hazina kazi ya pili. Mnunuzi achomoe uzi mmoja pembeni auchome: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, poliesta hujikunja na kuacha kidonge cheusi kigumu. Mwenye duka akikataa, jibu umeshalipata.

Ninachotaka ni hiki. Kabla bodi ya shule haijamkubali muuza sare, iletewe sampuli, igeuzwe ndani na kupimwa kwa rula: mshono wa nyuma usipungue sentimita 2.5 kila upande, upindo sentimita 8, mapigo ya sindano 10 hadi 12 kwa inchi, kola iwe ya kitambaa kimoja juu na chini, na vifungo viwili vya akiba vishonewe ndani. Kisha ifuliwe mara tatu kwa maji ya kisima, ianikwe juani na kupimwa tena. Sheria ya taka ya Kenya ya mwaka 2022 imeshamtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa zake. Basi kaunti imtake muuza sare arekebishe bure mshono wowote unaofumuka ndani ya mwaka wa kwanza. Sampuli isiyotimiza haya irudishwe Novemba, kabla pesa hazijatoka, maana ikishafika Januari mzazi hana tena wa kumlalamikia.

Fundi cherehani,
Langoni, Lamu