Risala ya wapenzi wa senema kwa Mgeni Rasmi, siku ya kumkumbuka Raj Kapoor, mwigizaji na mwongozaji wa filamu wa India

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sheha wetu,
Mwalimu Mkuu na walimu wa skuli hii,
Wazee wetu mlioiona filamu ya Awaara kwa tiketi mlizonunua wenyewe,
Wanafunzi na wageni waalikwa,

Assalaam aleikum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuukubali mwaliko wetu na kwa kufika kwa wakati. Hili la wakati tunalitaja kwa moyo mkunjufu, kwani tumewahi kumpokea mgeni rasmi saa ya kukusanya viti.

Kikundi chetu kilizaliwa barazani, katika ubishi wa nani aliyeimba vizuri zaidi katika filamu za Kihindi, Mukesh au Mohammed Rafi. Ubishi haujaisha, lakini kikundi kimepiga hatua kubwa mno. Tumeonyesha filamu tisa kwenye ukuta wa skuli hii, na kila mara watu wamejaa hadi njiani. Tumekusanya mabango 19, na moja limetoka Mombasa, kwa hiyo mkusanyiko wetu sasa ni wa Afrika Mashariki. Tumerikodi sauti za wazee 14 wakisimulia Jumapili za senema, nguo zimepigwa pasi na kufukizwa udi. Hii ni hazina ya taifa, na imekusanywa na watu wasiolipwa hata nauli.

Mheshimiwa, leo ni 14 Desemba. Siku kama hii, mwaka 1924, Raj Kapoor alizaliwa Peshawar, mji ambao sasa uko Pakistan. Aliongoza filamu yake ya kwanza, Aag, mwaka 1948 akiwa na miaka 23. Mwaka uliofuata akatoa Barsaat, na bango la filamu hiyo, mwanamume mwenye fidla mkono mmoja na mwanamke mkono wa pili, likawa nembo ya studio yake, RK, iliyokuwa Chembur, Bombay, ambayo sasa ni Mumbai.

Kisha ikaja Awaara, mwaka 1951. Hapa tunaomba utuvumilie kidogo, kwa sababu bila Awaara tusingekuwa hapa leo.

Sisi tuna msemo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Awaara ni karibu saa tatu za kuupinga msemo huo. Hakimu anaamini kuwa mwana wa mwizi lazima awe mwizi. Mkewe anatekwa na jambazi, anarudi mjamzito, naye hakimu anamfukuza usiku. Mtoto anakulia kwenye dhiki, jambazi yule yule anamfundisha wizi, na mwisho anasimama mahakamani mbele ya babake mwenyewe, akitetewa na wakili Rita, aliyeigizwa na Nargis. Mtoto huyo ukubwani ni Raj Kapoor mwenyewe. Hadithi iliandikwa na K. A. Abbas, muziki ukatungwa na Shankar na Jaikishan. Hakimu aliigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj. Utotoni aliigizwa na mdogo wake Raj, Shashi. Hata babu yao alitokea, amekaa kwenye kiti cha jaji. Familia nzima iliingia kwenye picha kuuliza kama damu ndiyo inayomfanya mtu.

Filamu hiyo ilipendwa Urusi, Uturuki na China, na ilipendwa hapa Unguja. Mzee mmoja ametusimulia kwamba alipotoka kuitazama hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa babake, ambaye walikuwa hawasemeshani, akaketi naye mpaka alfajiri. Sauti yake tunayo kwenye kanda. Tuni za picha hizo ziliingia mpaka kwenye taarabu, na wanaomkumbuka marehemu Juma Bhalo wa Mombasa wanajua tunachokisema.

Kuhusu filamu zake nyingine, Shree 420, Sangam, hasara ya Mera Naam Joker ya mwaka 1970 iliyokaribia kumfilisi, na Bobby iliyomnyanyua mwaka 1973, wanafunzi wameandaa maelezo ukutani. Muda wako ni mfupi, nasi tuna jambo moja la kukueleza.

Mheshimiwa, tarehe 16 Septemba 2017 moto uliingia studio ya RK. Mavazi ya waigizaji na kumbukumbu za miaka mingi viliteketea, na mwaka 2019 kiwanja kiliuzwa kwa kampuni ya ujenzi. Filamu zenyewe zipo kwa sababu mikanda yake ilihifadhiwa, na India ina Hifadhi ya Taifa ya Filamu, mjini Pune, tangu 1964. Alam Ara ya mwaka 1931, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, haikupata bahati hiyo. Hakuna nakala yake inayojulikana kuwepo popote duniani.

Sisi tuna mikebe 26 ya mikanda iliyookolewa majumbani na kwenye maghala. Mingi haina lebo. Katika mmoja tuliofanikiwa kuufungua tulimkuta Nargis, dakika chache tu, akitembea kwenye mvua na Raj Kapoor chini ya mwavuli mmoja. Walioona picha hiyo miaka ya hamsini walilia.

Mikebe hiyo imo ndani ya stoo ya skuli, chini ya bati, pamoja na madawati mabovu. Mikanda ya asetati, aina ya plastiki, ikikaa kwenye joto na unyevu hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo huzidi kuila. Mkanda husinyaa, hujikunja, kisha picha hubanduka. Mvuke wake huambukiza mikebe ya jirani. Masika yaliyopita tulifungua mlango tukapokewa na harufu ya siki, na mikebe minne haikuokolewa. Sasa tumeitenga mingine mitatu kwenye veranda ya mjumbe wetu, ambaye watoto wake wanakohoa.

Mgeni rasmi wa mwaka wa kwanza alituahidi chumba, tukapiga makofi na picha. Wa mwaka wa pili alituahidi kiyoyozi cha chumba ambacho hatujakipata. Wa tatu aliahidi wataalamu. Walikuja wawili, wakapima stoo kwa futi kamba, wakaandika, na hatujawaona tena. Tumeandika barua sita na kujibiwa moja, kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Wote walikuwa waungwana na tunaamini walikusudia walichokisema. Lakini kila masika yanakuja kwa tarehe yake.

Wanachama walipendekeza tukuombe mambo saba. Kamati imeyafuta sita. Hatuombi ukumbi, hatuombi fulana, hatuombi safari ya Mumbai. Tunaomba chumba kimoja kikavu cha ghorofani chenye dari ya zege, kiyoyozi kitakachofanya kazi usiku na mchana, mashine ya kukausha hewa ili unyevu ushuke chini ya asilimia 50, na rafu za chuma. Bili ya umeme ya miezi sita ya mwanzo tumeshaichanga wenyewe, na fedha ziko kwa mshika fedha. Tunaomba pia, kwa heshima zote, kwamba ukisimama kujibu risala hii ututajie tarehe, kabla ya Machi.

Mwaka 1988 Raj Kapoor alikwenda Delhi kupokea tuzo ya Dadasaheb Phalke, tuzo ya juu kabisa ya senema ya India. Pumu ilimbana akiwa kwenye kiti chake, hakuweza kupanda jukwaani. Rais wa India, R. Venkataraman, akashuka, akamfuata alipokaa, akamkabidhi tuzo yake. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 2 Juni, Raj Kapoor alifariki.

Mheshimiwa, stoo iko nyuma ya jengo hili, hatua arubaini kutoka ulipokaa. Chakula kiko tayari, lakini tunakuomba kwanza ufuatane nasi mpaka pale, uvute hewa yake mwenyewe. Mlango tumeuacha wazi tangu asubuhi.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama